Kuomba masta na PhD, na hela ya kusomea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu waliomaliza shahada ya kwanza Afrika Mashariki na wanataka kuendelea, nje au hapa nyumbani. Majibu yameegemea Tanzania na Kenya; pale Burundi, Rwanda au Kongo inapotofautiana, imetajwa. Viwango vya fedha na tarehe hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote fungua tovuti ya mfadhili mwenyewe, si bango lililosambazwa kwenye grupu.

Nianze kutafuta chuo au nianze kutafuta ufadhili?

Ufadhili. Wengi hufanya kinyume. Mtu anaomba vyuo sita Uingereza, anapata admisheni nne, anazipandisha statasi, pongezi zinamiminika, kisha ndipo anaanza kuuliza nani atamlipia. Admisheni ya masta Uingereza kwa mwenye matokeo mazuri ya kawaida si jambo la kushangaza, kwa sababu chuo kinauza nafasi na mwanafunzi wa kigeni ndiye anayelipa ada kubwa. Kilicho adimu ni hela. Barua ile inakaa kwenye simu mpaka Septemba, muhula unaanza, nayo inakwisha nguvu.

Mfadhili ndiye anayeamua mengine yote: nchi, aina ya kozi, uzoefu wa kazi, hata mwezi wa kutuma maombi. DAAD, shirika la Ujerumani, kupitia mpango wao wa EPOS wanalipia kozi zilizomo kwenye orodha yao tu. Ukipata admisheni ya kozi nzuri namna gani, kama haimo orodhani, mpango huo haukuhusu. Chevening ya Uingereza wanakutaka utaje kozi tatu kwenye fomu, na admisheni unaweza kuihangaikia baadaye, ilimradi ifikapo Julai uwe na moja isiyo na masharti. Erasmus Mundus, masta za pamoja za vyuo vya Ulaya, unaomba kozi na ufadhili kwa pamoja. Njia tatu, taratibu tatu. Ukianza na chuo, mbili kati ya hizo unaweza kuzikosa bila kujua.

PhD ni habari nyingine. Marekani, idara inayokukubali kwa PhD kwa kawaida ndiyo inayokulipia: ada inafutwa, unapewa posho, nawe unasaidia kufundisha au kufanya utafiti. Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark, PhD mara nyingi ni ajira kabisa. Nafasi inatangazwa kama kazi, unasailiwa, unasaini mkataba, unakatwa kodi na una likizo. Huko hakuna cha kutafuta mfadhili pembeni; unatafuta tangazo la kazi.

Naweza kwenda PhD bila masta?

Marekani, ndiyo, vyuo vingi vinapokea kutoka shahada ya kwanza. Ulaya bara karibu kila mahali watakudai masta. Hapa nyumbani vilevile.

Nianze lini maandalizi?

Hesabu kurudi nyuma. Tuseme unataka kuanza kusoma Septemba mwakani. Chevening kwa kawaida hufungua Agosti na kufunga Oktoba, yaani karibu mwaka mzima kabla. Erasmus Mundus nyingi hufunga kati ya mwishoni mwa mwaka na Februari. PhD za Marekani nyingi hufunga mwanzoni au katikati ya Desemba. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, hufungua Januari na kufunga Februari.

Maana yake, mwezi wa sita mpaka wa saba uwe unashughulika na makaratasi: pasipoti (Tanzania ni shilingi 150,000), transkripti na barua za mapendekezo kutoka kwa walimu wako. Transkripti ndiyo inayowaangusha wengi. Ofisi ya taaluma ina foleni yake, mtu wa saini amesafiri, na kama hukumaliza fomu ya kuondoka chuoni, ile ya kuzungushwa maktaba, bwenini na uhasibu, utaambiwa una deni la kitabu cha mwaka wa kwanza. Maliza haya wakati huna haraka.

Ni ufadhili gani hasa unaomfaa mtu wa Afrika Mashariki?

Nitataja ile ninayoiona inafanya kazi kwa watu wa kawaida, wasio na mjomba wizarani.

Chevening ni masta ya mwaka mmoja Uingereza, imekuwepo tangu 1983, ingawa jina hili lilikuja 1994. Wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, sawa na kama miaka miwili ya ajira ya kutwa. Kujitolea na mafunzo kazini vinahesabika, kwa hiyo yule aliyekaa mwaka mzima akijitolea kwenye asasi bila mshahara asijidharau. Saa zake zinaingia. Hawaangalii maksi peke yake. Wanatafuta mtu anayeongoza jambo na anayejuana na watu, na insha zao zinauliza hayo waziwazi. Ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa 1959, nao ni wa Uingereza, lakini una mkondo tofauti: unasisitiza maendeleo ya nchi yako na ufaulu wa darasani. Una matawi kadhaa, na kila tawi lina nchi zake. Baadhi unapitia taasisi ya kukupendekeza nchini kwako, baadhi, kama ule unaochangiwa na vyuo vyenyewe, unapitia chuo. Tanzania, Kenya na Uganda zimo, na Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola 2009. Burundi na Kongo hazimo. Watu wa huko wana mlango ambao wengi wetu hatuutazami: Ubelgiji, kupitia VLIR-UOS upande wa vyuo vinavyozungumza Kiholanzi na ARES upande wa Kifaransa. VLIR-UOS ipo wazi pia kwa Watanzania na Wakenya, na kozi zake ni za Kiingereza.

DAAD EPOS wanataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na shahada hiyo isiwe imepita miaka sita. Hapo ndipo wengi wenye umri wa miaka thelathini na kitu wanapogonga mwamba. Kama ulihitimu 2017 ukakaa ukingoja mambo yakae sawa, hesabu yako imeshapita.

China wanatoa nafasi nyingi kuliko watu wanavyodhani, na wanalipa yuan 3,000 kwa mwezi kwa masta na 3,500 kwa PhD, juu ya ada na malazi. Uliza mapema kozi inafundishwa kwa Kichina au Kiingereza. Kama ni Kichina, mwaka wa kwanza mzima ni wa lugha.

Uturuki pia wana mwaka wa lugha, na wana kikomo cha umri: chini ya miaka 30 kwa masta, chini ya 35 kwa PhD. Hungary wanalipa ada, lakini posho yao ya masta ni ndogo mno. Bila akiba yako mwenyewe utaishi kwa mikate.

Wanaposema ufadhili kamili, ni kamili kweli?

Soma mstari kwa mstari. Chevening wanalipa ada, posho ya mwezi, tiketi na viza. Erasmus Mundus wanatoa euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na ada hulipi. Kiwango kizuri. Lakini tiketi ya ndege, viza, na zile safari za kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine katikati ya masomo, vyote vinatoka humo humo kwenye euro 1,400. Wengine hawajui hili mpaka wamepata barua, na tiketi ya kwanza inabidi ilipwe kabla posho ya kwanza haijaingia.

Hapo ndipo palipo tatizo lenyewe, kwa maoni yangu. Watu wanashindwa kusafiri si kwa sababu ya ada, bali kwa sababu ya hela ndogondogo zinazohitajika kabla ya kuondoka: mtihani wa Kiingereza, pasipoti, kipimo cha kifua kikuu ambacho Uingereza wanakitaka kwa anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania au Kenya, nauli ya kwenda Dar es Salaam au Nairobi kwa ajili ya alama za vidole, kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dhamana ya chumba. Kwa asiyekuwa na mfadhili wa kumlipia, Uingereza wanaongeza ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na inalipwa yote wakati wa kuomba viza. Marekani kuna dola 350 za usajili wa SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za ombi la viza.

Andika bajeti ya hela hizi siku unayoanza maombi, na anza kuiwekea akiba siku hiyohiyo. Na kama utawaomba ndugu, waombe kitu kimoja kinachoeleweka. Ukoo uliochanga vizuri kwa ajili ya sendofu ya binamu yako hauwezi kulipa ada ya London, ila tiketi unaiweza. "Naomba mnisaidie tiketi, ni shilingi kadhaa, inatakiwa tarehe fulani" inachangiwa. "Naomba mnisaidie masomo" inajibiwa kwa dua.

Na kama sitapata mfadhili, kuna nchi ninayoweza kujisomesha?

Ujerumani ndiyo inayotajwa zaidi, na ni kweli: vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, unalipa mchango mdogo wa muhula. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti; tangu 2017 linawatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Baadhi ya vyuo kwingineko navyo vimeanza kutoza.

Lakini bure ya ada si bure ya maisha. Kupata viza unatakiwa uweke kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa euro 11,904 kwa mwaka, nawe utakuwa unatoa 992 kila mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, zikiwa zimekaa tayari, siyo ahadi ya mjomba. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi hadi siku 140 nzima kwa mwaka. Usipange mwaka wa kwanza kwa kutegemea kazi. Kijerumani chako bado hakitoshi hata kuhudumu mgahawani.

Norway ilikuwa kwenye orodha hii. Tangu 2023 wanatoza ada kwa wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hiyo makala za zamani zinazosema Norway ni bure zipuuze.

Kusoma hapahapa nyumbani kuna ufadhili?

Upo, na haupigiwi debe. Hao hao DAAD wana mpango wa kusomesha watu ndani ya Afrika, kwenye vyuo vya hapa, kwa masta na PhD. Kwa uchumi kuna AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika wenye makao Nairobi, ulioanza 1988. Kwa afya ya jamii na sayansi ya jamii kuna CARTA, inayolipia PhD za watumishi wa vyuo na taasisi wanachama, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Afya Ifakara zikiwemo. Kwa kilimo kuna RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu wenye makao Kampala. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambako miradi ya utafiti huja na nafasi za wanafunzi ndani yake.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Nafasi nyingi za masta zenye hela hapa kwetu zimo ndani ya miradi. Profesa wa SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, au MUHAS, chuo cha afya cha Dar es Salaam, amepata fedha za utafiti wa miaka minne, na ndani ya bajeti kuna wanafunzi wawili wa masta. Tangazo litabandikwa kwenye ubao wa idara na kwenye grupu la wahitimu, basi. Anayelipata ni yule anayejulikana idarani, aliyewahi kukusanya data za mtu. Uking'ang'ania tovuti za kimataifa peke yake hutaliona.

Mikopo: Bodi ya Mikopo ya Tanzania, HESLB, imejikita zaidi kwenye shahada ya kwanza, usiijengee mpango wako wa masta. HELB ya Kenya ina mikopo ya masta na PhD. Na kama bado unadaiwa na HESLB kutoka shahada ya kwanza, deni halilali kwa kuwa umerudi darasani. Aliye kwenye ajira anaendelea kukatwa asilimia 15 ya mshahara.

GPA yangu ni 3.1. Nimekwisha?

Hapana, ila njia yako ni ndefu kidogo. Kwenye mizani yetu ya 5.0, daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, na la kwanza ni kuanzia 4.4. Masta nyingi za Tanzania zinakubali kuanzia 2.7. Wafadhili wakubwa wa nje wengi wanataka daraja la pili la juu. Jumuiya ya Madola huweza kukubali la pili la chini ukiwa na shahada ya juu inayohusiana, na hapo ndipo penye njia: fanya masta hapa, andika tasinifu nzuri, toa makala moja na msimamizi wako, kisha omba PhD nje. Kwa mwombaji wa PhD, shahada ya kwanza iliyolegea inasameheka kama kazi ya utafiti inaonekana.

Tahadhari moja. Fomu nyingi za nje zinauliza GPA zikidhani kikomo ni 4.0. Mwenye 3.8 kati ya 5.0 akijaza 3.8 bila kutaja kikomo, amejipandisha bila kukusudia, na transkripti itakapofika ataonekana mwongo. Jaza kama ilivyo kwenye transkripti na utaje kikomo chake. Usijibadilishie mwenyewe.

Majina yangu kwenye vyeti hayafanani. Nifanyeje?

Swali hili linakuja kila mara, na kwetu halishangazi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Mohammed, kitambulisho cha taifa cha NIDA Muhamed, na chuo kiliweka herufi ya kwanza tu ya jina la baba. Mwingine alibatizwa akiwa darasa la sita, jina jipya likaingia kwenye fomu za mtihani lakini si kwenye cheti cha kuzaliwa.

Tofauti ndogo ya herufi hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, ikisema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Jina likiwa tofauti kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Fanya hivyo kabla ya kuomba pasipoti, maana pasipoti ndiyo itakayokuwa rejea ya kila kitu kitakachofuata.

Halafu kuna lile suala la jina la ukoo. Majina yetu ni mnyororo: langu, la baba, la babu. Fomu zao zinataka jina la familia. Lolote lililoandikwa sehemu hiyo kwenye pasipoti, ndilo uandike kila mahali, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Ukijaza la baba huku na la babu kule, mtihani wako wa Kiingereza hautaungana na ombi lako la chuo, na mfumo utakuona watu wawili.

Mwalimu wangu ameniambia niandike barua ya mapendekezo mwenyewe, yeye atasaini.

Ni mazoea ya huku, na sioni kama ana nia mbaya; ana wanafunzi mamia. Lakini barua uliyojiandikia inajulikana. Inafanana na insha yako, maneno yaleyale, na wasomaji wa maombi husoma zote kwa pamoja. Badala ya kukataa, mrahisishie. Mpe ukurasa mmoja: kozi alizokufundisha na maksi ulizopata, kichwa cha mradi wako, jambo moja ulilofanya ambalo analikumbuka, na unachoomba sasa. Ujumbe wa kwanza unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Dokta. Ni mwanafunzi wako wa Takwimu mwaka wa tatu, nilifanya mradi wa bei za mahindi soko la Kibaigwa. Naomba ufadhili wa masta na ningependa uwe mmoja wa wanaonipendekeza. Mwisho ni tarehe 7 mwezi wa kumi. Nikikuletea muhtasari wa kazi zangu itakusaidia?"

Hapo umempa kumbukumbu, tarehe, na nafasi ya kusema hapana. Siku hizi mfumo humtumia yeye kiungo moja kwa moja, na mara nyingi kinaangukia kwenye folda ya barua taka. Mkumbushe wiki moja kabla, kwa adabu, kisha siku mbili kabla. Mwombe atumie baruapepe ya chuo. Barua inayotoka kwenye anwani ya kawaida ya bure hutiliwa shaka. Na chagua anayekujua. Mhadhiri msaidizi aliyesimamia mradi wako ataandika vizuri kuliko makamu mkuu wa chuo uliyepiga naye picha kwenye mahafali.

Insha ya kujieleza inaandikwaje?

Anza na jambo, si na ndoto. "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuisaidia jamii yangu" wameisoma leo asubuhi mara nyingi. Tuseme mwombaji anataka masta ya takwimu za afya na alifanya kazi kituo cha afya. Angeweza kuandika hivi: kila mwisho wa mwezi tulihesabu kwa mkono mistari ya kitabu cha MTUHA, rejista ya takwimu za kituo, na jumla tuliyopata haikulingana na ile iliyoonekana wilayani kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Nikagundua kwamba mama anayehamia kituo kingine katikati ya ujauzito anahesabiwa mahudhurio ya kwanza mara mbili.

Sentensi mbili, na tayari msomaji anajua alikuwa wapi, aliona nini, na kwa nini anahitaji kozi ile na siyo nyingine. Kutoka hapo insha inajiendea: nilijaribu nini, nilikwama wapi, kozi hii ina somo gani la kunikwamua, nikirudi nitaifanyia kazi ofisi gani. Taja somo kwa jina lake na mhadhiri kwa kazi yake. Insha ambayo ukibadilisha jina la chuo inabaki ileile haijaandikiwa chuo chochote.

Umaskini wako uutaje kama una kazi ndani ya hadithi. Usiwe ndio hadithi. Wafadhili hawa hawagawi sadaka, wanachagua watu wa kuwekeza kwao, na kwenye rundo lile kila mtu ametoka kwenye familia ya kipato cha chini.

Programu za akili bandia zitakupa Kiingereza kilichonyooka na insha isiyo na mtu ndani. Kusahihisha sarufi, sawa. Chevening na wengine wana masharti yao kuhusu hili, yasome.

Namwandikiaje profesa nisiyemjua?

Kwa ufupi. Aya mbili au tatu: wewe ni nani na umefanya utafiti gani, kazi yake ipi umeisoma na ina uhusiano gani na unachotaka kufanya, na swali moja: je, anapokea wanafunzi wapya mwaka ujao? Ambatisha wasifu na transkripti. Usimwombe hela kwenye barua ya kwanza. Usitume barua moja kwa maprofesa arobaini huku anwani zote zikionekana juu. Asipojibu wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha endelea na mwingine.

IELTS na GRE ni lazima?

GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, idara nyingi za Marekani ziliacha kuidai kuanzia 2020, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa dola 220. IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, matokeo yake yanadumu miaka miwili tu; ukifanya mapema mno yatakufia mkononi. Vyuo vingi vinakubali barua ya msajili inayosema ulisoma kwa Kiingereza. Iombe siku unayochukua transkripti. Waliosoma kwa Kifaransa Burundi au Kongo hawana njia hiyo ya mkato, itabidi wafanye mtihani.

Kuna mtu anasema atanitafutia ufadhili kwa laki tatu.

Muache. Hakuna hata mmoja kati ya wafadhili niliowataja anayeuza nafasi, na Chevening, Jumuiya ya Madola na DAAD kuomba ni bure. Ada ya kuomba chuo ipo kwenye baadhi ya vyuo, na unailipa kwa chuo chenyewe, si kwa namba ya simu ya mtu. Vyuo vingi vya Marekani vinaweza kukusamehe ada hiyo ukiomba.

Ajenti wa vyuo ni kitu kingine. Wapo wa halali, na kwako wanaweza kuwa bure kwa sababu wanalipwa kamisheni na chuo. Lakini ndiyo hivyo: atakupeleka chuo kinachomlipa. Barua ya "punguzo la asilimia 50" atakayokuletea mara nyingi ni punguzo wanalopewa wote. Uliza ada baada ya punguzo ni kiasi gani, ndipo ushangilie.

Nimeajiriwa serikalini. Naweza kwenda?

Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri mapema, kwa maandishi, na usiondoke kabla hujaipata. Anayeondoka kimyakimya huhesabiwa mtoro, na utoro adhabu yake ni kufukuzwa. Mwajiri akikuruhusu, jua kabisa nani analipa mshahara wakati hupo na utatumikia miaka mingapi ukirudi.

Naweza kwenda na mke au mume na watoto?

Uingereza, tangu Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya kufundishwa darasani kwa kawaida haruhusiwi kuleta familia. Wa PhD anaruhusiwa. Ujerumani na nchi za Skandinavia wana milango zaidi, ila utadaiwa kuonyesha hela ya kila mmoja.

Marekani bado inawezekana?

Inategemea pasipoti yako. Juni 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na tangazo la Desemba mwaka huo likaiongeza Tanzania kuanzia 1 Januari 2026. Kenya, Uganda na Rwanda hazikuwemo kwenye matangazo hayo. Mambo haya huja na kuondoka kwa tangazo la rais, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi siku ileile unayotaka kulipa SEVIS. Mwenye admisheni tayari aiandikie idara aombe kuahirisha mwaka mmoja, wengi wanakubali. Na ofa yenye hela kutoka vyuo vilivyosaini makubaliano ya 15 Aprili hulazimishwi kuijibu kabla ya tarehe hiyo, hata kama katibu wa idara anakuharakisha.

Nimekataliwa. Niombe tena?

Ndiyo, ila usitume fomu ileile. Badilisha insha, badilisha mpendekezaji mmoja, ongeza kazi ya mwaka mmoja.

Masta ya mwaka mmoja itatambuliwa nikirudi?

Tanzania, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo inayotathmini shahada za nje. Wanaangalia kama chuo kinatambuliwa nchini kwake na kama ulisoma kwa utaratibu unaokubalika, na masta ya mwaka mmoja ya chuo kinachotambuliwa Uingereza haina tatizo kwa urefu wake. Kenya, fuatilia CUE, tume ya vyuo vikuu ya huko, na KNQA, mamlaka ya sifa za kielimu. Uliza kabla ya kuondoka, hasa kama kozi ni ya mtandaoni au chuo ni tawi lililo nchi nyingine. Na kabla hujapanda ndege ya kurudi, chukua transkripti mbili za ziada zilizofungwa kwenye bahasha yenye muhuri; kuziagiza ukiwa Mwanza ni gharama, na barua pepe za ofisi ya msajili wa kule zinajibiwa kwa mwendo uleule wa huku.